Nyumba ya Nyongeza

Nyumbani kwa Kuluthum binti Ubaid kuna vikombe sita na hakuna viwili vinavyofanana. Kimoja kina ua jekundu, kingine kina picha ya nanasi, cha tatu hakina mkono. Ukuta wa jikoni umepakwa rangi ya kijani hadi usawa wa kifua, kisha rangi ikaisha. Juu yake ni buluu, nayo iliisha kabla ya kufika dari. Sebuleni kuna viti vitano vilivyotoka katika seti tano. Pazia la dirisha la kushoto linafagia sakafu, na la kulia linaishia nusu ya njia kama sketi ya mwanafunzi aliyerefuka ghafla. Mgeni akiingia mara ya kwanza hudhani amepotea njia akatokea kwenye ghala la mnada. Mwenyeji hana habari. Atakukalisha kwenye kiti chenye mgongo mrefu na kukusimulia kilikotoka.

"Hicho ni cha arusi ya binti wa daktari. Wao walinunua sita, mimi nikapata cha saba."

Vyote mle ndani ni nyongeza.

Tangu mumewe alipofariki miaka ishirini na mitatu iliyopita, kazi ya Kuluthum ni kuwanunulia watu. Yeye mwenyewe hauzi kitu, ukiacha foronya anazodarizi nyumbani kwake Bondeni, alivyofundishwa na mama yake. Lakini mtu wa Nakuru akitaka kitanda, mabati, sufuria za arusi, mbuzi wa Idd kutoka Gilgil au ng'ombe wa maziwa kutoka Dundori, na anajijua kwamba ana uso laini, humpitia Mama Jalal. Ndivyo tunavyomwita, kwa jina la mwanawe wa pekee aliyeko Eldoret. Atakwenda nawe, atakuweka nyuma yake kama mgonjwa anayepelekwa kwa daktari, na atanunua.

Pesa hachukui. Kila muuzaji wa mji huu anajua kwamba bei ikishakubaliwa kuna kitu cha juu: viazi vitatu juu ya debe, kipande cha ini juu ya kilo, robo mita ya kitambaa juu ya ile iliyopimwa. Hicho cha juu, ambacho wewe na mimi tungekisahau mezani, ndicho ujira wake.

Wauzaji wanamwogopa kwa namna mbalimbali. Kamande, anayeuza viazi sokoni, humwekea nyongeza mkononi kabla hajafungua mdomo, kama mtu anayelipa kodi ya barabara. Kabiru, seremala, huinamia randa akajifanya hasikii.

"Kabiru!"

Kabiru anaranda.

"Kabiru, mbao imeanguka. Unaranda hewa."

"Aa, Mama Jalal! Sikukuona."

"Hukuniona, lakini jasho lako limeniona."

Mimi nilikutana naye kwa sababu ya karoti. Ulikuwa mwaka niliohamia Nakuru kufundisha chuo cha ualimu. Nilisimama mbele ya fungu la karoti, nikauliza bei, nikatajiwa, nikalipa. Muuzaji, msichana aitwaye Jemutai, alishtuka kuliko mtu aliyeibiwa. Alikuwa ametaja bei ya kuanzia mazungumzo, nami nilikuwa nimeyamaliza. Kwa aibu akaanza kunitafutia chenji nisiyoidai. Nikamwambia abaki nayo. Hapo ndipo mkono uliponishika kiwiko kutoka nyuma.

"Wewe ni wa wapi?" aliuliza mama mmoja mnene, amevaa buibui na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja.

"Keringet."

"Keringet hakuna soko?"

"Lipo. Mama yangu anauza viazi huko."

"Ndiyo maana. Umelelewa upande wa pili wa mizani." Akamgeukia Jemutai. "Na wewe, mtu mzima anakutupia pesa namna hii, humwonei huruma?"

"Mathe, mimi nilisema bei ya kwanza tu," Jemutai akajitetea. "Yeye ndiye ameanzia mwisho."

Tangu siku hiyo sikuruhusiwa kununua peke yangu kitu chochote kilichozidi mkate. Makochi yangu aliyanunua yeye. Friji yangu aliinunua yeye. Hata nilipokwenda kutengenezewa miwani alikuja, na tulipotoka alikuwa na kasha la pili la miwani, ambalo leo anawekea sindano.

Alijaribu kunifundisha, na mimi, niliyezoea kufundisha wengine, nilifeli kila mara. Bei, alisema, haiko kwenye kile kikaratasi walichobandika. Iko usoni mwako. Muuzaji anakusoma tangu unapovuka kizingiti. Kwa hiyo kitu unachokitaka usikitazame. Tazama cha pembeni. Lalamikia vumbi. Cheka bei ya kwanza. Kisha sema utafikiria, na uondoke: hatua saba, si sita wala nane, ya saba uinamie kiatu, uinuke, utazame mawingu kama mtu mwenye nguo kambani. Hapo utaitwa.

"Nisipoitwa?"

"Utaitwa."

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Pradeep, mzee mwenye duka la vitambaa. Kwa miaka thelathini, kwanza kwa mahitaji ya nyumba yake na baadaye kwa ya watu, Kuluthum alikwenda kushindana naye karibu kila wiki. Pradeep akimwona anavuka barabara huagiza chai mbili, kwa kuwa alijua hawatamaliza leo. Siku moja walivutana juu ya jora la hariri mpaka saa ya kufunga. Pradeep akateremsha mlango wa chuma, akadhani yameisha. Wapita njia walimkuta mama wa makamo amesimama kando ya barabara akiubishia mlango, na mlango ukimjibu.

"Mama Jalal, wewe ni ugonjwa!" ulisema mlango.

"Basi nipunguzie nipone!"

Hariri alipata. Na nyongeza yake ndilo hilo pazia la kulia.

Ndiyo sababu Jumamosi moja ya mwaka jana, alipokuja kwangu bila taarifa, nilijua mapema kwamba kuna jambo. Alikaa bila kuyakagua makochi. Alikunywa chai yangu isiyo na tangawizi bila kuisema vibaya. Aliweka kikombe chini.

"Mwalimu," alisema, "nataka uninunulie kitu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Pradeep alikuwa amefunga duka. Yeye na mkewe, Kanchan, walikuwa wanahamia Kisumu kwa mtoto wao Vikram, ghorofa ya tano, na vyombo vya nyumba yao ya Milimani vilikuwa vinauzwa. Kwenye baraza ya nyumba ile, Kuluthum alisema, kuna bembea. Si ya watoto. Ni ubao mpana wa msaji, wa kukaliwa na watu wazima wawili, unaoning'inia kwa minyororo minne ya shaba yenye kengele ndogondogo, na umekuwa pale tangu enzi za mama yake Pradeep. Kuluthum alipokuwa na miaka tisa alikuwa akifuatana na mama yake kupeleka foronya. Aliambiwa asubiri kwenye ngazi. Siku moja bibi mwenye nyumba aliingia ndani kutafuta pesa, na mtoto akapanda bembea.

"Ilikwenda mara tatu," alisema. "Ya nne mama akanishusha kwa sikio."

"Na sasa unaitaka."

"Naitaka tangu siku hiyo."

Nilifikiria nyumba yake na dari ambayo mtu mrefu hulazimika kuiinamia. "Utaitundika wapi?"

"Wewe nunua kwanza. Hayo mengine si ya mnunuzi."

"Lakini Mama Jalal, mimi? Nenda mwenyewe. Hakuna mtu anayemjua Pradeep kama wewe."

Aliviringisha pembe ya mtandio wake.

"Nilikwenda. Jumatano. Nikafika langoni, nikaiona kupitia maua. Kulikuwa na gari limesimama pale, nikajitazama kwenye kioo chake." Akanitazama mimi. "Mwalimu, nilikuwa na uso wako wa siku ile ya karoti."

Watu wa mji mzima walikuwa wamelala kwenye vitanda alivyonunua yeye, na yeye hajawahi kununua kwa ajili ya nafsi yake kitu kinachozidi uzi na sabuni. Hakujua kwamba uso wake unaweza kufanya hivyo.

Tena hapakuwa na muda. Kabiru, aliyekwenda kuangalia vitanda pale, alimletea habari kwamba yuko bwana mmoja, Micah, mwenye mkahawa wa nyama choma Kikopey. Anaitaka bembea aiweke mbele ya bucha ili watu wakishashiba wapigie picha hapo. Angekuja na pikapu Jumapili mchana.

"Mbavu za mbuzi," Kuluthum alisema kwa sauti ndogo. "Watashika minyororo ile kwa mikono ya mbavu za mbuzi."

Jumapili saa nne asubuhi nilikuwa langoni Milimani. Katika mkoba nilikuwa na leso iliyofungiwa elfu kumi na mbili, akiba ya foronya za miaka sijui mingapi. Mwenye leso alibaki ng'ambo ya barabara, nyuma ya mti. Alikuwa ameniambia nisigeuke kumtazama, nisiitazame bembea, na nisiseme asante kabla ya kuambiwa bei.

Tatizo la kwanza ni kwamba Kanchan alikuwa ameketi juu ya bembea akimenya njegere. Kwa kuwa nimekatazwa kuitazama, sikuweza kumtazama hata yeye. Nilielekeza salamu zangu kwa sufuria kubwa iliyokuwa karibu na mlango.

"Karibu, madam," alisema Pradeep, mzee mwembamba katika sweta ya kahawia. "Unatafuta nini?"

"Nimekuja kuangalia jiko."

"Jiko imeuzwa."

"Basi kabati."

"Kabati pia imeuzwa."

"Na ile?" nikasema, nikinyoosha kidole upande wa bembea huku macho yangu yako kwenye sufuria.

Pradeep alifuata kidole changu. "Ile ni bibi yangu," akasema. "Hiyo hapana uza. Tulishaongea."

"Anasema bembea, wewe mzee," akasema Kanchan bila kuinua kichwa.

"Aa, bembea. Bembea ni elfu ishirini."

Bei ya kwanza huchekwa. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kicheko hicho usiku kucha, lakini kilitoka kama kikohozi cha mtu aliyepaliwa, na Kanchan akaacha njegere akaniletea maji. Niliyanywa. Nilisema asante.

"Ina vumbi," niliendelea.

"Nimeipangusa leo," akasema Kanchan.

"Minyororo ina kutu."

"Shaba haishiki kutu, madam," akasema Pradeep. Alikuwa ameanza kunitazama kwa namna ya ajabu, kichwa upande. "Lakini endelea."

"Elfu sita," nikasema. Kisha, kwa sababu alinyamaza na ukimya hunitisha, nikasema nitafikiria, nikageuka.

Nilihesabu hatua saba. Niliinamia kiatu. Niliinuka nikatazama mawingu, ambayo asubuhi ile hayakuwepo. Nikangoja kuitwa. Nyuma yangu nilisikia kicheko kikianza taratibu kama injini ya trekta asubuhi ya baridi.

"Madam!" Pradeep aliita. "Kiatu yako haina kamba!"

Nilitazama chini. Nilikuwa nimevaa ndala.

"Hatua saba, kiatu, mawingu," alisema huku akishuka ngazi. "Miaka thelathini naangalia hiyo sinema katika duka yangu. Yuko wapi?"

"Nani?"

"Yuko wapi yeye?"

Sijawahi kuweza kudanganya kwa macho. Yalikwenda yenyewe ng'ambo ya barabara, kwenye mti. Ulikuwa mti mchanga, shina lake si nene kuliko bomba la maji, na buibui ilipepea pande zake zote mbili.

"Mama Jalal!" Pradeep alipaza sauti mpaka mbwa wa jirani wakabweka. "Huo mti ni mwembamba! Wewe si mwembamba!"

Kuluthum alivuka barabara bila kuharakisha. Aliwaamkia, akaulizia hali ya Vikram, akaulizia miguu ya Kanchan. Alitazama sufuria. Alitazama saa ya ukutani na zulia lililokunjwa. Alifanya yote sawasawa, na mimi nilianza kupata matumaini, mpaka mkono wa Kanchan ulipoutikisa mnyororo na kengele zikalia. Macho ya Kuluthum yakaenda, na yalipofika hayakurudi.

Pradeep aliyaona. Nadhani alikuwa ameusubiri uso ule tangu mara ya kwanza alipomwagizia chai. Alisugua viganja vyake.

"Elfu thelathini," alisema.

"Umeniambia ishirini!" nikasema.

"Hiyo ilikuwa bei yako. Hii ni bei ya Mama Jalal."

"Sawa," alisema Kuluthum.

Hata njegere ziliacha kudondoka.

"Sawa nini?" Pradeep akauliza.

"Sawa, thelathini. Chukua hizi alizonazo Mwalimu, na zilizobaki nipe miezi michache."

Mzee alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemharibu. "Anaumwa?"

"Siumwi, bhai," Kuluthum alisema. "Naitaka. Sina la kusema zaidi."

Pradeep alikaa juu ya sanduku la vyombo. Ile furaha yote ilikuwa imemtoka. "Hapana. Hapana, Mama Jalal. Miaka thelathini unanitesa. Umenitesa mpaka kwa mlango. Na leo siku ya mwisho unaniambia sawa? Mimi nikienda Kisumu nitakaa ghorofa ya tano nikumbuke nini? Sawa?" Akamnyooshea kidole cha onyo. "Sema ubao umeliwa na mchwa."

"Haujaliwa na mchwa."

"Najua haujaliwa! Wewe sema!"

"Ubao umeliwa na mchwa," alisema Kuluthum kwa sauti ya mtoto anayesomeshwa.

"Uongo! Huu ni msaji! Baba yangu alinunua! Mchwa akiuma hapa anavunjika meno! Sasa sema elfu saba."

"Elfu saba."

"Saba! Unataka mimi nilale njaa? Elfu ishirini na nane! Sema nane."

"Nane."

"Mbona ishirini na nane?" Kanchan aliingilia. "Wewe umeinunua? Umesema baba yako alinunua. Hata senti yako haiko hapa."

"Kanchan, wewe uko upande gani?"

"Mimi niko juu yake," alisema Kanchan, na akajisukuma kidogo kwa ncha ya kidole cha mguu.

Waliendelea hivyo, Pradeep akishuka kwa mdomo wake mwenyewe na kumpandisha Kuluthum kwa mdomo ule ule, jasho likimtoka kwa kufanya kazi ya watu wawili. Ishirini na tano kwa nane na nusu. Ishirini kwa tisa. Kumi na saba. Kisha, alipofika kumi na tano, akafungua kinywa kumwambia Kuluthum aseme nini, Kuluthum akamwahi.

"Kumi," alisema. "Na hiyo kumi ni kwa kuwa nakuonea huruma, unahama na mgongo unakuuma. Hizi kengele nimezihesabu kutoka hapa, mbili hazipo. Na ghorofa ya tano hutaipandisha, bhai, hata uibebe mwenyewe kichwani. Ukiniachia mimi nakusaidia."

Pradeep alisimama. Uso wake ulikuwa umenawiri. "Unanisaidia! Mnasikia? Ananisaidia! Kumi na nne!"

"Kumi na nusu."

"Kumi na tatu, na unaniua!"

Walikubaliana kwa elfu kumi na moja. Nilifungua leso. Tulikuwa bado tunahesabu pikapu ilipoingia, na humo akatoka bwana kijana mwenye kofia ya kitambaa na tumbo la mtu anayeionja biashara yake. Alikuwa Micah wa Kikopey. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye bembea, akaipiga kofi ubavuni kama anayenunua fahali.

"Mzee, ndiyo hii? Nakupa arobaini. Keshi. Vijana, fungueni minyororo."

Nilimtazama Kuluthum. Alikuwa ameshika pembe ya mtandio wake. Noti zetu zilikuwa mkononi mwa Pradeep, bado hajazitia mfukoni. Hakuna karatasi iliyoandikwa.

"Umechelewa, boss," alisema Pradeep. "Imeuzwa."

"Kwa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kumi na moja? Mzee, mimi nasema arobaini!"

"Nimesikia. Lakini huyu mama amenihangaisha asubuhi yote. Nimechoka kabisa. Kama ungekuja mapema ukajua kusumbua, pengine." Akazitia noti mfukoni na kuzigonga kwa kiganja. "Huyu ni mnunuzi. Wewe una pesa tu."

Micah, asije akarudi Kikopey na pikapu tupu, aliuliza bei ya ile sufuria kubwa. Pradeep akasema elfu nane. Micah akatoa pochi. Kuluthum alifumba macho kama aliyechomwa sindano.

"Wee kijana!" alisema. "Nane? Kwa sufuria iliyobonyea hapa, na hapa? Rudisha pochi. Simama nyuma yangu."

Kwa dakika kumi akamshusha Pradeep hadi elfu nne na nusu. Nyongeza yake ilikuwa kifuniko cha sufuria nyingine iliyokwisha kuuzwa. Micah alimshukuru mara tatu, akaondoka bila kuelewa kilichompata.

"Haya sasa," alisema Pradeep, ambaye nadhani hakuwa na furaha kama ile tangu afunge duka. "Na nyongeza ya bembea? Nimejiandaa. Mito? Zulia? Chukua saa, haitembei, lakini ni nzuri."

Kuluthum alikuwa anamtazama Kanchan. Kanchan alikuwa ameweka bakuli la njegere chini, na mkono wake mmoja ulikuwa umeshika mnyororo, mahali ambapo shaba ilikuwa imelainika na kung'aa kuliko kwingine. Hakujua kwamba ameshika. Mimi nilikuwa nimekaa pale saa nzima nikikatazwa kutazama upande ule, na sikuwa nimeona kitu.

"Mnahama lini?" Kuluthum aliuliza.

"Si kesho, Jumatatu inayofuata. Lori linakuja asubuhi."

"Basi nyongeza ya leo natoa mimi."

"Wewe?" Pradeep alisema. "Wewe utoe?"

"Usiniulize mara mbili, nitabadili. Bembea ibaki hapa hapa mpaka asubuhi ya lori." Akageukia upande mwingine, akaurekebisha mtandio wake. "Nitakuja kila alasiri kuikagua mali yangu. Siwaamini."

Kanchan akasogea kando, akaacha nafasi ya mtu mmoja, mnene.

"Kagua," alisema. "Lakini nani atasukuma? Mimi nina magoti mabaya."

Alikwenda siku zote nane. Nilimpitia mara mbili nikitoka chuoni, nikawakuta wameketi bega kwa bega, bakuli la njegere katikati, wakibishana. Kanchan alidai Kuluthum anaielemeza upande wa kushoto. Kuluthum alidai Kanchan anamenya polepole makusudi. Pradeep alizunguka na kamba na maboksi, akilalamika kwamba katika nyumba hii anayefanya kazi ni yeye peke yake, na hakuna aliyemsikiliza. Asubuhi ya lori, Kabiru alipokuwa anafungua minyororo, Kanchan alichomoa kengele moja, akaitia kwenye pochi yake. Kuluthum alimwona. Akatazama mawingu.

Dari ya nyumba ya Bondeni, kama nilivyohofia, haikuweza. Kabiru aliigonga mara moja, vumbi likamwagika, akashuka ngazi. Ikabidi bembea iwekwe uani, kwenye fremu aliyoitengeneza kwa boriti nne zilizokuwa nyuma ya choo: moja nyongeza ya paa la msikiti, mbili za mabanda ya ng'ombe ya Dundori, na ya nne Kuluthum hakumbuki ni ya nani. Hazilingani urefu. Bembea inakaa imeinama kidogo upande wa kushoto, na kwa hilo amemlaumu Kanchan kwa simu.

Siku bembea ilipokamilika niliitwa. Majirani walikuwa wamekwisha kuja, wakaiona, wakarudi majikoni mwao. Kuluthum alivua viatu, akapanda, akashika minyororo miwili ya mbele. Miguu yake haikufika chini.

"Sukuma, Mwalimu."

Nilisukuma. Kengele zililia, fremu ikalalamika. Nilisukuma tena, na tena, kisha nikaondoa mikono nikasimama kando, kwa kuwa nilikumbuka alichoniambia.

"Hizo ni tatu," nikasema.

Hakugeuka. Buibui yake ilikuwa inaning'inia nyuma ya ubao, na miguu miwili mitupu imenyooshwa mbele.

"Na nyongeza?" akauliza.